UZI: Kabla hujaandika "askari wa Mjerumani 1891" chini ya picha, angalia kwanza kofia na bunduki

Mtutu wa Kaki:
Wakuu, habari za jioni. Kuna picha inazunguka tena kwenye magrupu, askari weusi wamepanga mstari, kofia zina kitambaa kinaning'inia shingoni, mbele kuna ndege tai wa bati, miguuni wamezungushia vitambaa vya bluu (rangi wameongeza watu wa kompyuta lakini hapo wamepatia), afu chini imeandikwa "Askari waliomalizwa na Mkwawa Lugalo 1891". Hapana jamani. Ile picha ni ya miaka mingi mbele, karibu na vita ya kwanza ya dunia, na huhitaji kuwa profesa kulijua hilo, angalia tu kichwani wana nini na mkononi wameshika nini. Watu wanashea tu kwa sababu ni nyeusi na nyeupe, yaani kwetu picha ikishakuwa nyeusi na nyeupe inafaa mwaka wowote.

Tuanzie mwanzo. 1888 pwani inawaka, Abushiri bin Salim yuko Pangani, Bwana Heri yuko Saadani, kampuni ya Wajerumani iliyokuwa imekodi pwani kwa Sultani wa Zanzibar imefukuzwa karibu kila mji, imebaki imejibanza Bagamoyo na Dar. Berlin wanamtuma Hermann Wissmann mwaka 1889 na hela za serikali, lakini hawampi jeshi la Ujerumani, anaambiwa atafute watu mwenyewe. Kwahiyo anaenda Cairo. Kule kulikuwa na Wasudani waliotumikia jeshi la Misri, wamekosa kazi baada ya uasi wa Mahdi kule Sudan, wanakaa tu na familia zao. Akachukua kama 600 hivi, na wake zao na watoto, wakapanda meli. Kusini, Inhambane kwa Mreno, wakachukuliwa Washangani kama 100, Wajerumani wakawa wanawaita "Wazulu". Ongeza Wasomali kidogo na vijana wa pwani. Hilo ndo likaitwa jeshi la Wissmann, na Mei 8 1889 likavamia boma la Abushiri karibu na Bagamoyo. Desemba mwaka huohuo Abushiri akanyongwa Pangani.

Sasa jeshi la namna hiyo, limekusanywa na mtu mmoja ndani ya miezi michache kutoka pande nne za Afrika, unategemea livae sare moja? Haikuwepo. Wasudani walikuja na mazoea yao ya Misri, tarbushi, vilemba, na vyeo vya Kituruki kabisa, ombasha, shaushi, betshaushi, soli, efendi juu kabisa. Wajerumani walivikubali vyeo vile vilevile wakavitumia mpaka mwisho wa utawala wao, mtu Mmanyema au Msukuma anapandishwa cheo anaitwa kwa jina la Kituruki na Mjerumani, hahaha. Kaki ilikuwepo toka mwanzo kwa sababu ni kitambaa cha bei rahisi na hakionyeshi uchafu, ila kwenye vichwa ni mchanganyiko, huyu kilemba huyu tarbushi.

Machi 22 1891 bunge la Ujerumani likapitisha sheria, jeshi la mtu binafsi likawa jeshi la Kaizari, Schutztruppe. Ndo kidogokidogo ikaja ile sare tunayoijua: koti la kaki, mkanda wa ngozi ya kahawia na mifuko ya risasi, vitambaa vya bluu vya kuzungushia miguu, tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye mkia wa kukinga shingo na jua, na yule tai mbele. Vyeo vikawa vinaonekana mkononi, vitambaa vyekundu vya alama ya V kwenye mkono wa kushoto, ukiona kimoja ni ombasha, viwili shaushi, unaenda hivyo. Kwahiyo ukiona mstari mzima umevaa sare moja safi, tai wanang'aa wote, jua hapo jeshi lishatulia lina stoo lina fundi cherehani lina mtu wa kukagua. 1891 halijafika huko.

Nakuja kwenye bunduki, ndo penyewe.

Ngoja Niketi:
Nimeweka kiti hapa, maji ya kunywa yapo. Endelea mkuu.

Mtutu wa Kaki:
Bunduki yao ilikuwa Mauser ya mwaka 1871, ya akina Paul Mauser wa Oberndorf. Askari wengi huku walipewa ile fupi kidogo iliyotengenezwa kwa ajili ya wawindaji wa jeshi, lakini "fupi" ni maneno tu, bado inakaribia kifua cha mtu mzima, na ile ndefu ya kawaida ni kama sentimita 135 na kilo nne na nusu bila singe. Risasi yake ni milimita 11, kipande cha risasi tupu cha gramu 25, ganda la shaba, ndani baruti nyeusi.

Ukiishika ndo utaielewa. Kuna komeo pembeni, mkono wake umenyooka kabisa kama wa mlango wa choo cha zamani. Unaunyanyua juu, unavuta nyuma, unaweka risasi MOJA kwa kidole, unasukuma mbele, unalaza mkono kulia, unapiga. Haina sehemu ya kuhifadhi risasi. Moja, basi. Na sasa sikiliza hii: ukivuta komeo ganda linatoka kwenye chemba lakini halirushwi nje, hakuna kifaa cha kulirusha, linabaki limekaa palepale, inabidi uilaze bunduki ubavu ganda lidondoke lenyewe ndo uweke nyingine. Kwenye uwanja wa mazoezi ni jambo dogo, mtu aliyezoea anapiga vizuri tu na kwa kasi ya kutosha. Kwenye kichaka, mtu wa mkuki yuko hatua kumi na tano, ni habari nyingine.

Halafu moshi. Baruti nyeusi inatoa wingu jeupe, kikosi kikipiga mara moja wote hamuoni mbele, na adui anajua mko wapi hata akiwa mlima wa pili.

Wakati Wissmann anagawa hizi bunduki 1889, Mfaransa alikuwa na Lebel ya 1886 ya baruti isiyo na moshi, na Ujerumani wenyewe walikuwa wanaleta mpya ya mwaka 1888, risasi tano, risasi nyembamba ya karibu milimita 8. Maana yake bunduki za 71 zilikuwa zimejaa maghala ya Ulaya hazina kazi. Zikaja kwetu. Mimi hapo ndo huwa nasema, Mjerumani hakutuletea teknolojia yake bora, alisafisha stoo. Na zikatosha, kwa sababu upande wa pili wengi walikuwa na gobore.

Mnyalu Halisi:
Mtoa mada umeanza vizuri ila usipite Lugalo juujuu bhana. Zikatosha wapi? Pale hazikutosha. Babu zetu walitumia mkuki tu na ngao wakamaliza mchezo dakika chache, huyo Nyundo wenu akalala. Sema ukweli.

Mtutu wa Kaki:
Nasema, mkuu, tulia. Emil von Zelewski, kamanda wa kwanza wa hilo jeshi jipya la Kaizari, watu walimpa jina la Nyundo. Agosti 17 1891 anaingia Uhehe na msafara mrefu, askari kama mia tatu na ushee, wapagazi, punda, mizinga. Njia nyembamba, mstari umenyooka mpaka mwisho hauonekani. Wahehe wamelala kwenye majani na mawe pembeni ya njia. Ikapigwa ishara, wakatoka.

Sasa rudi kwenye ile komeo. Askari ana risasi moja ndani, kama bunduki yake ilikuwa imejazwa kabisa. Anapiga. Anyanyue, avute, alaze, ganda lidondoke, afungue mfuko wa mkandani, atoe nyingine, aweke, asukume. Mhehe anahitaji pumzi mbili kufika. Maelezo ya walionusurika yanasema wengi walipata nafasi ya kupiga moja au mbili tu, ikawa mikuki. Na msafara ukikatwa vipandevipande hakuna wa kupiga pamoja na mwenzie, wakati nguvu yote ya bunduki ya risasi moja moja ni watu kupiga kwa zamu. Mizinga ilikuwa imefungwa kwenye punda. Wazungu kumi walikufa akiwemo Nyundo mwenyewe, askari zaidi ya mia mbili, wapagazi wengi, na Wahehe wakaondoka na bunduki karibu 300 na mizinga.

Kwahiyo Mnyalu, sijakataa, ila Mkwawa hakushinda kwa ujasiri peke yake, alijua adui anahitaji umbali na muda, akamnyima vyote viwili.

Mnyalu Halisi:
Sawa hapo tuko pamoja. Ila swali, hizo 300 mbona hazikutusaidia Kalenga, boma kuu la Mkwawa, 1894? Boma lilikuwa na ukuta wa maana.

Mtutu wa Kaki:
Swali zuri. Gobore unaweza kulilisha popote, baruti unanunua au unatengeneza, risasi hata kipande cha chuma, jiwe. Mauser inataka ganda lake la shaba lenye fataki kwenye kitako, saizi yake hasa, na fundi wa kulijaza upya hayuko Iringa. Ulichookota Lugalo ndo hichohicho mpaka kiishe. Na dukani hupati, kwa sababu Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalikaa Brussels wakatia saini mkataba, kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ndani yake wakapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa kwenye eneo kubwa la Afrika, karibu lote kati ya Sahara na kusini. Kilichoruhusiwa kuuziwa Mwafrika ni gumegume, zile za jiwe la kuwashia zenye mtutu usio na mikato ndani, na baruti ya kawaida. Soma hapo tena, waliandika mpaka aina.

Pili, zile bunduki zina kipimio cha umbali juu ya mtutu, usipojua kukipandisha na kukishusha risasi zote zinapita juu ya kichwa cha mtu, na hilo ni somo la miezi. Tatu, Oktoba 30 1894 gavana von Schele alikuja Kalenga na mizinga na hakuja kwenye njia nyembamba, alikuja kwenye ukuta ambao haukimbii. Mimi kwa maoni yangu kujifungia bomani ndo lilikuwa kosa. Mkwawa alipoliacha boma akaanza kuwapiga porini, ofisa wa Mjerumani Tom von Prince yule wanayemwita Sakarani alihangaika naye mpaka Julai 1898, na hata hapo Mkwawa hakukamatwa, alijipiga risasi mwenyewe.

Kadogo wa Lubumbashi:
Ndugu zangu, huku kwetu Kongo mambo ilikuwa karibu ile ile lakini nguo ingine. Force Publique, jeshi ya Léopold mfalme wa Wabelgiji, watu walivaa bluu, shati na suruali ya bluu, fezi nyekundu na mshipi mwekundu kiunoni, miguu bila kiatu. Ukiona picha na ule mshipi, usiseme ni Tanganyika, ni huku. Bunduki ilikuwa Albini ya Wabelgiji, nayo risasi moja moja. Na ile jeshi iliasi, Luluabourg 1895, kisha 1897 kule upande wa mashariki kwenye msafara wa kamanda wao Dhanis.

Mtutu wa Kaki:
Asante sana ndugu, hii nilikuwa naisubiri. Albini-Braendlin nayo ni milimita 11 lakini kuitambua ni rahisi: ubavuni ina jogoo (ile nyundo ya kugonga fataki) mkubwa kama wa gobore, na mlango wa risasi unafunguka kwenda mbele na juu kama kifuniko. Hakuna komeo. Mshipi mwekundu + jogoo = Kongo, 90% umemaliza. Na ndo bunduki zilizopigana na watu wa Tippu Tip na Rumaliza, wafanyabiashara wa pembe na watumwa, 1892 mpaka 94, ambao nao wengi walikuwa na magobore na bunduki chache nzuri za Zanzibar.

Mwana wa Shangani:
Na Zanzibar je? Maana mnaongea kama jeshi la sare lililetwa na Mjerumani. Seyyid Barghash alikuwa na jeshi la kizungu toka 1877, lile la Mathews.

Mtutu wa Kaki:
Kweli kabisa, na lilipendeza kuliko yote ukiniuliza mimi. Lloyd Mathews alikuwa luteni wa manowari ya Kiingereza HMS London, akaazimwa Sultani, akaunda jeshi la Waafrika. Askari wa mwanzo walivaa kofia nyekundu, kijikoti kifupi cheusi na suruali nyeupe. Maofisa Waarabu bluu nzito na mapambo ya dhahabu na fedha, inaonekana waliiga nguo za wanamaji. Suruali nyeupe kwenye vumbi la bara, sijui nani alifua. Bunduki zao Snider kutoka Uingereza.

Snider nayo ukiiona: ni bunduki ya kujazia mdomoni ya zamani ya Waingereza, wameikata nyuma 1866 wakaweka kipande cha chuma chenye bawaba kinafunguka kwenda kulia. Jogoo lipo nje. Tundu la mtutu ni kubwa mno, zaidi ya milimita 14.

Rongai Mdogo:
Wasee na upande wa Mwingereza huku Mombasa? Babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) lakini hiyo ni ya baadae. Hao wa kwanza walikuwa wanavaa aje na walishika bunduki gani?

Mtutu wa Kaki:
Kwenu ilianza IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, 1888, ikafilisika, serikali ikachukua 1895 ikaunda East Africa Rifles makao Fort Jesus, mchanganyiko wa Wapunjabi, Waswahili na Wasudani. KAR yenyewe ni 1902. Bunduki kuu Martini-Henry. Hiyo ni rahisi kuliko zote, chini ya kitako nyuma ya kifyatulio kuna wenzo mrefu, unaubonyeza chini mlango wa risasi unashuka, unaweka moja, unarudisha. Ukiona mkono wa chuma unaning'inia chini nyuma ya kidole, ni Martini, ni Mwingereza. Na angalia miguu, askari wa Mwingereza miaka ile na mingi iliyofuata ni pekupeku.

Ila mimi kwa Mwingereza kinachonivuta zaidi ni Uganda. Wasudani aliowachukua ofisa wa Kiingereza Lugard 1891, mabaki ya watu wa Emin Pasha aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, wakaja kuwa Uganda Rifles. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa mpagazi wa Kiswahili, na ulilipwa kwa vitambaa, na vitambaa vyenyewe vinachelewa miezi. Unamwambia mtu avae sare, apigane Bunyoro, arudi, apigane kwingine, na mshahara wake ni majora ya kitambaa cha marekani yaliyokwama njiani kutoka Mombasa. 1897 wakapewa amri ya kuondoka tena na msafara wa ofisa wa Kiingereza Macdonald, safari hii wanawake wao wabaki. Wakaasi. Wakajifungia ngome ya Luba, Busoga, wakaua maofisa akiwemo Thruston aliyekuwa kamanda wao na anajua Kiarabu chao. Walikuwa na bunduki zilezile za Waingereza na Maxim, kwahiyo ilichukua miezi kuwazima na ikabidi waletwe askari toka India. Baada ya hapo mshahara ukapandishwa haraka sana, kumbe hela ilikuwepo.

Binti Bagamoyo:
Mkuu na hawa wa Mjerumani walilipwaje? Na nasikia kila askari alikuwa na boi wake wa kubeba mzigo, ni kweli au ni hadithi?

Mtutu wa Kaki:
Ni kweli. Askari wengi walikuwa na vijana wao, wanabeba sufuria, mkeka, mara nyingine na bunduki yenyewe, na nyuma wanafuata wanawake na watoto. Msafara wa kijeshi ulikuwa kijiji kizima kinatembea. Kuhusu mshahara, Wasudani walilipwa zaidi ya watu wa pwani na Washangani, na hilo lilileta manung'uniko. Lakini ukilinganisha na kibarua wa shamba, askari alikuwa tajiri, na nguo ile ya kaki ilikuwa leseni: anaingia kijijini anachukua kuku, mbuzi, hadi watu, nani atamuuliza. Watu wetu wengine wakiona picha wanaona fahari tupu, mistari imenyooka, mimi nakumbuka pia Majimaji 1905, waliochoma maghala ya chakula kusini ni hawahawa, na mikononi mwa wengi bado ni 71.

Ngoja Niketi:
Subiri, 1905 bado 71? Si miaka 34 hiyo?

Mtutu wa Kaki:
Na bado. 1914 vita inaanza, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani huku, ana kampuni (vikosi) 14 za porini, chache tu ndo zina Mauser mpya ya 98, waliobaki wanapiga na bunduki ya 1871 wakitoa moshi mbele ya jeshi lenye bunduki zisizo na moshi. Walibadilisha kwa kunyang'anya. Tanga Novemba 1914 Waingereza walikimbilia melini wakaacha bunduki 455, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi laki sita. Halafu meli ya Mjerumani Rubens ikapenya kizuizi cha Waingereza baharini 1915, Marie ikapenya 1916 kule Sudi, zikashusha silaha mpya.

Ndo maana turudi kwenye picha ya magrupu. Vuteni karibu yule wa tatu kutoka kushoto, bunduki yake inaonekana vizuri. Mbao imefunika juu ya mtutu, na nyuma ya kifyatulio kitako kimejikunja kidogo kwa ajili ya kiganja. Ya 71 haina hivyo vitu, mtutu wake uko wazi juu, chuma kitupu mpaka mbele, na kitako kimenyooka. Huyo ameshika 98, iliyoitwa hivyo kwa sababu ni ya 1898. Mtu aliyekufa Lugalo 1891 ameipata wapi?

Mnyalu Halisi:
Hahahaaa imekwisha hiyo. Sasa na lile sanamu la askari pale Samora, Dar? Kuna jamaa kazini anabishana kwamba ni askari wa Mjerumani.

Mtutu wa Kaki:
Mwambie hapana. Lile la sasa ni la Mwingereza, limewekwa 1927 kukumbuka Waafrika wa upande wake waliokufa vita ya kwanza. Kabla yake Mjerumani alikuwa na sanamu yake Dar, Wissmann amesimama juu, askari yuko chini miguuni pake anamwangalia. Waingereza waliling'oa, likapelekwa Uingereza, 1922 likasimamishwa Hamburg chuo kikuu, mpaka wanafunzi wakaliangusha 1968. Kwahiyo askari wa Mjerumani wa shaba yupo, ila yuko Ujerumani.

Binti Bagamoyo:
Nina picha ya familia, babu wa bibi amekaa na bunduki magotini, komeo inaonekana, kofia haina tai, ni tarbushi tupu. Nikiiweka hapa utaniambia?

Mtutu wa Kaki:
Iweke, ila usiipige kwa simu juu ya kioo cha fremu, itoe kabisa. Piga picha nzima kwanza, halafu piga karibu sehemu mbili: pale komeo inapoingia, na urefu wa mtutu toka mbao inapoishia. Geuza na nyuma ya picha, studio nyingi za Dar na Zanzibar ziligonga muhuri wao, hapo tunaweza kupata miaka hata kabla ya kuangalia bunduki.